Mkubwa ni jaa: Funzo la wahenga wa Uchina kwa shule zetu

Kuna kasumba moja iliyokita mizizi katika mijadala yetu kuhusu utawala. Ni ile ya kudhani kuwa fikira za kisiasa za Wachina wa kale zaweza kufupishwa kwa neno moja tu, nalo ni utiifu. Anayetaka kuwanyamazisha wenye maswali huitolea Uchina mfano, akasema kwamba taifa lile limepiga hatua kwa sababu raia wake walifunzwa tangu jadi kuwatii wakubwa, ilhali sisi tumebaki nyuma kwa ajili ya mdomo mwingi. Nimeyasikia maneno ya namna hii katika mikutano ya hadhara, katika vyumba vya walimu, na hata katika midahalo ya wanafunzi, ambako aghalabu msemaji hupigiwa makofi.

Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huweza kupotosha kuliko uongo mtupu. Nakubali kwamba wahenga wa Uchina walithamini sana utaratibu, heshima na wajibu. Lakini watu hao hao waliacha urithi mwingine ambao wanaoisifu Uchina majukwaani hawautaji kamwe. Huo ni urithi wa kumkosoa mtawala, wa kumwambia waziwazi kuwa amepotoka, na wa kuwakabidhi walimu na wanafunzi kazi hiyo kuwa sehemu ya wajibu wao. Makala haya yanahusu urithi huo wa pili.

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tukumbuke kuwa hata sisi huchagua tunachotaka katika hekima ya wazee wetu. Kila mtoto aliyepitia shule zetu amekaririshwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni wangapi waliofundishwa kwa bidii iyo hiyo kwamba mkubwa ni jaa? Methali hii ya pili yasema kuwa mwenye cheo ni kama mahali pa kutupia taka. Kila uchafu utamfikia, kila lawama itamwangukia, naye hana budi kustahimili. Methali zote mbili ni zetu. Lakini moja yampendeza mkubwa na nyingine yamkera, na ndiyo sababu moja huandikwa ubaoni na nyingine huachwa vitabuni. Wachina nao wamepitia hali kama hiyo, tena kwa miaka zaidi ya elfu mbili.

Tuanze na chanzo. Yapata mwaka 1046 kabla ya Kristo, ukoo wa Zhou uliupindua ukoo wa Shang, na watawala wapya wakahitaji kueleza kwa nini uasi wao ulikuwa halali. Jibu lao ndilo lililokuja kuitwa Idhini ya Mbingu. Walisema kwamba mfalme hutawala kwa idhini, na kwamba idhini hiyo hupokonywa mtawala anapokuwa dhalimu. Hapana shaka kuwa jibu hili liliwafaa washindi. Hata hivyo lilikuwa na makali pande zote mbili, kwani lililomwondoa adui wao lingeweza kuwaondoa wao pia siku moja. Tangu hapo hakuna mfalme wa Uchina aliyeweza kusema kuwa kiti ni chake bila sharti lolote.

Confucius, aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo, alikuwa kwanza mwalimu. Alitafuta cheo cha maana serikalini, akazunguka kutoka jimbo hadi jimbo, na mwishowe akarudi kwa wanafunzi wake. Fundisho lake kuu kuhusu utawala ni kwamba mfalme huongoza kwa mfano kabla ya kuongoza kwa amri. Alisisitiza pia kuwa majina yalingane na mambo yenyewe: anayeitwa mfalme awe mfalme kwa matendo, anayeitwa baba awe baba kwa matendo. Wengi hulisoma fundisho hili kama wito wa kila mtu kukaa mahali pake. Lakini hebu tulitafakari kidogo. Ikiwa jina la mfalme lina masharti, basi asiyeyatimiza masharti hayo anabaki na jina tupu.

Aliyeifikisha hoja hiyo mwisho wake ni Mencius, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo. Huyu aliwapanga watu mbele, akaziweka madhabahu za nchi nyuma yao, na mtawala akamweka wa mwisho kabisa. Alipoulizwa kama ilikuwa halali kwa raia kumwua mfalme wa mwisho wa Shang, alijibu kuwa hakupata kusikia kwamba mfalme aliuawa. Alichosikia ni kuuawa kwa mtu mmoja duni aliyekuwa ameupoteza utu na haki. Ndivyo fundisho la majina lilivyogeuka upanga.

Kuna kisa chake kimoja ambacho ningependa kila mwalimu wa historia akisimulie darasani. Mencius alimwendea Mfalme Xuan wa jimbo la Qi, akamwuliza maswali matatu. Ikiwa mtu amemwachia rafiki yake mke na watoto, kisha akarudi safari akakuta wameteswa na njaa na baridi, amfanyeje rafiki huyo? Mfalme akajibu kuwa urafiki uvunjwe. Na ikiwa hakimu mkuu hawezi kuwasimamia walio chini yake? Mfalme akasema afutwe kazi. Basi Mencius akauliza swali la tatu: na ikiwa nchi nzima haitawaliwi vyema, ifanywe nini? Mfalme akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kuzungumzia mambo mengine.

Ni nani asiyemfahamu mfalme huyo? Tumemwona katika vikao vya wazazi, katika vyama vya ushirika, katika mabunge na katika vyuo. Swali likimhusu mwingine huwa mwepesi wa hukumu. Likimfikia mwenyewe, hutazama kushoto na kulia.

Haki yatudai pia kuwasikiliza waliompinga Confucius, yaani watetezi wa sheria kali. Shang Yang, aliyeuawa mwaka 338 kabla ya Kristo, na Han Fei, aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo, waliona kwamba kuutegemea wema wa mtawala ni kujidanganya. Watawala wema, walisema, ni adimu, na watawala waovu vilevile si wengi. Walio wengi ni wa kawaida, na nchi yahitaji sheria ambazo mtu wa kawaida aweza kuzitumia bila kuiharibu. Hoja hii ni nzito hadi leo. Shang Yang aliitekeleza bila kujali vyeo, hata akawaadhibu walimu wa mwana wa mfalme pale mrithi huyo alipovunja sheria.

Kasoro yao ilikuwa kubwa kama hoja yao. Sheria waliyoitukuza ilimbana kila mtu isipokuwa yule aliyeitunga. Mwanahistoria wa kale Sima Qian asimulia kuwa Shang Yang alipogeukwa na mfalme mpya na kukimbia, alinyimwa malazi kwa sababu sheria zake mwenyewe zilikataza kumpokea mgeni asiye na kitambulisho. Jimbo la Qin lililojengwa kwa fikira hizo liliiunganisha Uchina yote mwaka 221 kabla ya Kristo. Haikupita miaka 15 ukoo huo ukaanguka. Tangu hapo tawala nyingi za Uchina zilivaa joho la Confucius huku zikishika mkononi fimbo ya Han Fei.

Baina ya joho na fimbo palisimama mtu mmoja wa ajabu, naye ni afisa mkosoaji. Serikali za kale za Uchina ziliajiri maafisa ambao kazi yao ilikuwa kuwachunguza wakubwa wengine na kumwonya mfalme. Anayekumbukwa zaidi ni Wei Zheng, aliyemtumikia Mfalme Taizong wa ukoo wa Tang. Taizong alitwaa madaraka mwaka 626 baada ya kuwaua ndugu zake, na Wei Zheng alikuwa mshauri wa kaka aliyeuawa. Badala ya kumkata kichwa, mfalme alimpa kazi. Inasemekana Wei Zheng alimpinga bwana wake zaidi ya mara 200, kuhusu kodi, vita, anasa na hukumu. Alipofariki mwaka 643, Taizong alilia akisema kuwa amepoteza kioo cha kujitazamia.

Kisa hiki hupendwa na watawala kwa kuwa chawaonyesha wakiwa wavumilivu. Lakini kina mwisho ambao hausimuliwi sana. Muda mfupi baada ya mazishi, Taizong aliingiwa na shaka juu ya marehemu, akaamuru jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa kwenye kaburi lake liangushwe. Baadaye, alipokwenda kupigana vita huko Korea mwaka 645 na kurudi bila ushindi, alikumbuka kuwa Wei Zheng angemzuia, naye akaagiza jiwe lisimamishwe tena. Hapo ndipo udhaifu wa mpango mzima unapoonekana. Ukosoaji uliotegemea hisani ya mfalme ulisimama na kuanguka kwa kadiri ya hasira na majuto yake.

Chini ya ukoo wa Ming mambo yalizidi kuharibika. Mwasisi wake, Zhu Yuanzhang, aliyetawala kuanzia mwaka 1368 hadi 1398, alianza maisha akiwa yatima fukara aliyewahi kuomba chakula. Mtu angetarajia kuwa angempenda Mencius, mtetezi wa wanyonge. Kinyume chake, alichukizwa naye mno. Mwaka 1380 alikifuta cheo cha waziri mkuu ili mamlaka yote yawe mikononi mwake. Na mwaka 1394 aliamuru kitolewe chapisho la kitabu cha Mencius ambamo vifungu 85 vilikuwa vimeondolewa, vikiwemo vile vilivyowatukuza watu kuliko mfalme na vile vilivyosema kuwa mtawala awadharauye watumishi wake atakuwa adui yao. Haikupita miaka mingi kitabu kizima kikarejea madarasani. Nawaomba walimu waitafakari tarehe hiyo. Mfalme mwenye majeshi makubwa kuliko yote ya zama zake aliogopa kitabu cha kiada.

Katika ukoo uo huo alitokea Hai Rui, afisa wa cheo cha kawaida. Mfalme Jiajing alikuwa ameacha kuhudhuria baraza kwa miaka zaidi ya 20, akijishughulisha na ibada na dawa za kutafuta maisha marefu. Mwaka 1566 Hai Rui alimwandikia barua akimweleza kwamba ameitelekeza nchi na kwamba watu hawamtaki tena. Inasimuliwa kuwa kabla ya kuipeleka alinunua jeneza na kuagana na jamaa zake. Alitupwa gerezani, akaokolewa tu na kifo cha mfalme mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Kisa hicho hakikuishia karne ya 16. Wu Han, mwanahistoria na naibu meya wa Beijing, aliandika tamthilia kuhusu Hai Rui, ambayo ilionyeshwa jukwaani mwaka 1961. Mnamo Novemba 1965 tamthilia hiyo ilishambuliwa gazetini kuwa ni hila dhidi ya Mwenyekiti Mao, na shambulio hilo likawa mojawapo ya cheche zilizowasha Mapinduzi ya Utamaduni. Wu Han alifariki kizuizini mwaka 1969. Anayesema kuwa fikira za kale za Uchina hazina uhusiano na siku zetu na akifikirie kifo hicho.

Sasa nafika kwa mtu ambaye ndiye hasa aliyenisukuma kushika kalamu. Huang Zongxi alizaliwa mwaka 1610. Baba yake, aliyekuwa afisa mnyofu, alifia gerezani mwaka 1626 baada ya kuwapinga matowashi waliokuwa wameiteka serikali ya Ming. Ukoo huo ulipoanguka mwaka 1644, Huang alipigana na wavamizi kutoka Manchuria, akashindwa, kisha akakataa kuwatumikia. Akiwa na umri wa miaka 50 na kitu, kati ya mwaka 1662 na 1663, alikamilisha kitabu kidogo ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa Kungojea Mapambazuko. Wapo waliolia kwamba Ming ilianguka kwa sababu ya wasaliti. Huang aliuliza swali gumu zaidi: kwa nini nchi kubwa hivyo ilikuwa imejengwa kwa namna ambayo wabaya wachache waliweza kuiangamiza?

Jibu lake la kwanza ni kwamba wenyeji na wageni walikuwa wamebadilishana nafasi. Hapo kale, alisema, watu walikuwa ndio wenyeji na mtawala alikuwa mgeni aliyekuja kuwafanyia kazi. Sasa mtawala amejifanya mwenyeji, na watu wamekuwa wageni nyumbani mwao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Sisi tunajua kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Huang alilalamika kuwa wafalme wamekaa miaka elfu mbili bila kugusa jembe.

Jibu lake la pili lilihusu sheria. Alisema kuwa sheria zinazotungwa ili kulinda mali ya ukoo mmoja si sheria kamwe, hata ziwe nyingi kiasi gani. Sheria halisi ni zile zinazotungwa kwa manufaa ya wote, nazo ndizo zitanguliazo watu wema, kwa kuwa hata mtu mwema akiwekwa chini ya sheria mbovu atafungwa mikono. Hapa alichukua kilicho bora kwa Han Fei, akakitia ndani ya roho ya Mencius.

Jibu la tatu ndilo linalotuhusu sisi wa shule. Kwa Huang, shule haikuwa mahali pa kuwaandaa vijana kwa vyeo tu. Ilikuwa iwe chimbuko la fikira zote za utawala, mahali ambapo jema na baya hupimwa hadharani, ili kile asemacho mfalme kuwa ni haki kisiwe haki kwa sababu tu mfalme amesema. Alipendekeza kuwa mkuu wa Chuo cha Kifalme awe na uzito sawa na waziri mkuu. Siku ya kwanza ya kila mwezi mfalme aende chuoni pamoja na mawaziri wake. Mwalimu akae akielekea kusini, na kusini ndiko alikoelekea mfalme akiwa kitini, na mfalme akae katika safu za wanafunzi. Kisha mwalimu aseme bila kuficha pale serikali ilipokosea.

Hakuishia mji mkuu. Wilayani, tarehe moja na tarehe 15 ya mwezi, wasomi wakutane na maafisa wa eneo wakae kama wanafunzi. Makosa madogo ya afisa yasahihishwe papo hapo. Makosa makubwa yapigiwe ngoma ili watu wote wasikie. Wasimamizi wa shule hizo wasiteuliwe na serikali bali wachaguliwe kwa maoni ya watu wa eneo, na msimamizi akienda kinyume cha maadili, wanafunzi wawe na haki ya kumbadilisha. Hata wana wa mfalme wafikapo miaka 15 wapelekwe chuoni wasome na wenzao, wajue hali za watu na kuonja taabu kidogo.

Simpambi Huang kwa sifa asizostahili. Hakupendekeza uchaguzi wa viongozi, hakuwataja wanawake miongoni mwa wasomi wake, na mfalme alimwacha kitini. Lakini aligundua lile ambalo Wei Zheng na Hai Rui hawakuligundua: kwamba ujasiri wa mtu mmoja hautoshi. Ukosoaji wahitaji mahali pake, siku yake na watu wasioweza kufutwa kazi na anayekosolewa. Si ajabu kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Liang Qichao na wanamageuzi wenzake walichapa sehemu za kitabu hicho na kuzisambaza kisirisiri.

Hata wachumi wa leo wamemrudia. Huang aliona kuwa kila serikali ilipounganisha tozo ndogondogo kuwa kodi moja ili kuwapunguzia wakulima adha, baada ya muda tozo zile zile zilizuka upya juu ya kodi iliyokwisha kuzimeza, na mzigo ukazidi mara ya pili. Msomi Qin Hui aliupa mwenendo huu jina la sheria ya Huang Zongxi, na Wen Jiabao, alipokuwa akishika uwaziri mkuu mwaka 2003, aliutaja hadharani. Mwaka 2006 Uchina iliifuta kabisa kodi ya kilimo. Kwa hiyo mkosoaji aliyekataa kuutumikia utawala mpya aliwafaa wakulima baada ya zaidi ya miaka 300.

Yamkini msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Kenya? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, mitihani yetu ina asili ya mbali kuliko tunavyodhani. Tangu enzi ya ukoo wa Sui, mwishoni mwa karne ya sita na mwanzoni mwa karne ya saba, Uchina ilijenga mfumo wa kuwateua maafisa kwa mitihani, mfumo uliodumu hadi mwaka 1905. Wanahistoria kadha wameonyesha jinsi mfano huo ulivyowavutia Waingereza. Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ilipendekeza mitihani ya ushindani kwa utumishi wa umma, na Waingereza hao ndio waliotuletea mitihani ya Cambridge. Tumebadilisha majina mara kadha tangu hapo. KCPE, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, ilifikia kikomo mwaka 2023 na Mtaala wa Umilisi ukashika nafasi. Lakini imani kwamba shule ni ngazi ya kuparamia kutafuta cheo bado ingali nasi. Wachina walitangulia kuyaona mazuri yake, kwani mtoto wa mkulima aliweza kuwa waziri. Walitangulia pia kuyaona mabaya yake, maana wasomi walizeeka wakikariri insha za mpangilio mmoja usiobadilika. Tumerithi nusu moja ya shule ya Wachina, ile ya mtihani. Nusu ya pili, ile ya Huang, hatukuletewa na yeyote.

Pili, urithi huu unatumiwa kisiasa hadi leo, na asiyeujua atatumiwa pamoja nao. Mwaka 1974 Confucius alikuwa akilaaniwa katika kampeni rasmi kote Uchina. Miaka 30 baadaye, mwaka 2004, taasisi zenye jina lake zilianza kufunguliwa duniani, na ya kwanza barani Afrika ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Mzee yule yule alikuwa adui, kisha akawa balozi. Katika miaka ya 1990, Lee Kuan Yew, aliyekuwa ameiongoza Singapore tangu 1959 hadi 1990, alisema kuwa utamaduni wa mashariki haulingani na demokrasia ya magharibi. Mwaka 1994 Kim Dae-jung wa Korea Kusini, mtu aliyewahi kuhukumiwa kifo mwaka 1980 kwa ajili ya siasa zake, alimjibu kwa kumtaja Mencius. Alikumbusha kwamba Waasia walisema watu ndio msingi wa utawala karne nyingi kabla ya John Locke kuzaliwa. Mwaka 1998 Kim akawa rais wa nchi yake. Wote wawili walirithi vitabu vile vile. Walichotofautiana ni kurasa walizozifungua.

Najua lipo pingamizi moja ambalo walimu wenzangu watalitoa. Watasema kuwa wanafunzi wa siku hizi tayari hawana adabu, na kwamba kuwafundisha visa vya Hai Rui ni kumwaga petroli kwenye moto. Naiheshimu hofu hiyo, lakini naiona imegeuzwa juu chini. Wei Zheng na Hai Rui hawakuwa wahuni. Walikosoa kwa hoja, kwa ushahidi, kwa lugha ya staha, na walikuwa tayari kubeba matokeo. Mwanafunzi anayechoma bweni hakufundishwa kukosoa. Mara nyingi ni mtu aliyekosa pa kupeleka neno lake mpaka likageuka kiberiti. Nchi hii imezika watoto wengi mno kwa ajili ya moto wa mabweni kuendelea kudhani kuwa kimya ni ishara ya nidhamu.

Kwa hiyo natoa rai mbili nyepesi zisizohitaji bajeti wala waraka wa wizara. Mosi, walimu wa historia na wa Kiswahili wayaingize maswali matatu ya Mencius katika midahalo yao, na kila darasa lijibu lile la tatu ambalo mfalme alilikwepa. Pili, mara moja kwa mwezi mwalimu mkuu akae kwenye dawati miongoni mwa wanafunzi, mwanafunzi aongoze kikao, na yasemwe yanayohusu chakula, mafunzo, adhabu na fedha, pasiwe na atakayeandikwa jina kwa kusema. Makosa madogo yasahihishwe hapo hapo. Makubwa yafikishwe kwa wazazi na bodi ya shule, kwani hiyo ndiyo ngoma yetu. Kijana atakayehitimu akiwa amezoea kumsikia mkubwa akijibu maswali hatastaajabu atakapoisoma Katiba ya mwaka 2010 isemayo kuwa mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, wala hatamwachia mtawala yeyote aigeuze kuwa jina tupu.

Utiifu una mahali pake, na asiyesikia la mkuu huenda kweli akavunjika guu. Lakini mkuu asiyesikia la mtu yeyote huvunja miguu ya nchi nzima, kama ukoo wa Qin ulivyovunjika na ule wa Ming baada yake. Tuwafundishe watoto wetu methali zote mbili, na wakubwa wa shule zetu wawe wa kwanza kukubali kuwa jaa.